Pole Niliyoitoa Mbele ya Kamera

Mimi sijaumbwa kukaa kitako. Mama yangu kule Voi alikuwa akisema nilizaliwa nimesimama, na mume wangu hadi leo hula chakula cha jioni akinitazama nikizunguka jikoni na sahani mkononi. Sasa mtu wa namna hiyo mchukue, mfungie kwenye chumba kisicho na dirisha, mvishe visikilizio masikioni, kisha mwambie: haya, sikiliza. Kwa muda wa saa nne kila mchana, amsikilize mwanamke asiyemjua akizungumza kwa simu. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya majira yale ya baridi, Stockholm, mwishoni mwa ile miaka ya elfu mbili, wakati simu bado zilikuwa za kubonyeza na mimi bado nilijiona mtu mwenye akili timamu.

Asubuhi nilikuwa mtaa wa Vällingby, nikihudumia wazee majumbani mwao: kuwavisha soksi, kuwapikia uji, kusikiliza malalamiko yao juu ya theluji. Mchana nilikuwa mkalimani. Wakalimani wa Kiswahili tulioruhusiwa kufanya kazi mahakamani tulikuwa wachache, tungeenea kwenye kochi moja, kwa hiyo polisi walikuwa wakiniita kwa kila kitu: ajali, talaka, ugomvi wa majirani. Siku moja wakaniita, wakafunga mlango, wakanipa karatasi nitie sahihi kwamba nitakayoyasikia humo sitamwambia mtu, hata ninayelala naye kitanda kimoja. Nikatia sahihi nikiwa nimesimama. Nilidhani ni wizi.

Haikuwa wizi. Kulikuwa na mwanamke aliyekuwa akiishi Alby, na kulikuwa na msichana wa miaka kumi na tisa kutoka mashariki ya Kongo, aliyeletwa kupitia Kampala kwa ahadi kwamba angelea watoto. Watoto wenyewe hawakuwepo. Iliyokuwepo ni nyumba ya vyumba viwili katika mtaa mwingine kabisa, na wanaume waliokuja kwa miadi. Yule mwanamke wa Alby ndiye aliyepanga miadi, na simu yake ndiyo niliyokuwa nikiisikiliza kwa amri ya mahakama.

Sura yake sikuwahi kuiona. Nilimjua kwa sauti tu, na alikuwa na sauti nzuri, jamani, ya mtu anayeweza kuongoza kwaya. "Mwanangu," alimwambia yule msichana, "Alhamisi kuna mgeni. Usinitie aibu. Unajua mdogo wako yuko mikononi mwa nani." Na msichana, kwa sauti ya chini, "Ndiyo, mama." Kila mara ndiyo mama. Mdogo wake huyo alikuwa wa miaka kumi na miwili, ameachwa nyuma, na kila msichana alipotaka kukataa jambo alitajiwa yeye.

Halafu siku moja nikasikia simu nyingine. Yule mwanamke alikuwa akiongea na mwanamume mmoja Kampala, wanacheka. Mwanamume akauliza, na yule mdogo mtu yuko wapi siku hizi? "Ka nani? Hata sijui kalipo," akasema. "Kalishatoroka zamani, wanasema kalienda kwa shangazi yake. Mimi ninamtishia tu huyu, na anaogopa, basi imetosha." Nikatafsiri neno kwa neno kwenye kibodi. Niliinuka nikazunguka meza mara nne ndipo nikaweza kuendelea. Mtu anaishi gerezani na mlango wenyewe hauna hata kufuli!

Kila Jumatatu asubuhi tulikutana. Niseme hapa jinsi walivyofanya kazi, kwa sababu nilikuwa nimezoea kudhani kwamba polisi hukamata, kisha mwendesha mashtaka huletewa mtu na faili. Huko sivyo. Mwendesha mashtaka ndiye aliyekuwa akiongoza upelelezi tangu siku ya kwanza. Alikuwa mwanamume mfupi, mpole, mwenye sweta moja ya kijivu, na hakuna lililofanyika bila yeye kukubali. Ukutani kulikuwa na ubao wenye sehemu tatu: simu, safari, wateja. Polisi mmoja alifuatilia tiketi za ndege na viza. Wengine waliifuatilia nyumba. Kwa sheria ya kule anayenunua mwili wa mtu ndiye mkosaji, anayeuzwa hana kosa, kwa hiyo kila mwanamume aliyetoka pale alifuatwa hadi mbali, akasimamishwa, akaandikwa. Wale hawakuwa na hamu ya kumsimulia mtu yeyote, kwa hiyo habari hazikufika Alby. Na mpelelezi mkuu alikuwa mwanamke mrefu, mwenye ugoro chini ya mdomo saa zote, ambaye kazi yake ingekuwa kuketi na msichana siku atakapotolewa.

Mwendesha mashtaka alikuwa na swali moja tu. Ukimwambia lolote, hata kwamba nje kuna baridi, yeye angekuuliza, "Tumejuaje?" Mwanamke huyu ana ufunguo wa nyumba ile. Tumejuaje? Msichana haruhusiwi kutoka peke yake. Tumejuaje, tumeona, tumesikia, au tunadhani? Akisikia "tunadhani" hufuta ubaoni kwa kidole. Lo! Alinikera yule mtu. Nilikuwa nikitoka pale nikimwigiza peke yangu kwenye treni, watu wananitazama.

Ugomvi mkubwa ulikuwa juu ya siku ya kuingia. Mpelelezi alitaka waingie mara moja. "Kila siku tunayongoja," alisema, "ni siku ya mwili wake, si ya mwili wetu." Mwendesha mashtaka akasema tungoje tiketi zithibitishwe na wateja wawili wengine wapatikane. "Nikiingia leo nina neno lake tu. Mahakamani watamkalia yeye peke yake, siku tatu nzima, hadi avunjike. Nataka kesi isimame hata yeye akishindwa kusema." Akaniangalia mimi, sijui kwa nini, labda kwa sababu mimi pekee nilikuwa nimesimama. Tukangoja siku kumi na moja. Mimi ndiye niliyezisikia siku hizo kumi na moja, moja moja, masikioni mwangu. Nilimchukia mtu yule wazi wazi, sifichi. Nikifika nyumbani Husby nilikuwa nikiosha vyombo visafi.

"Leo ulikuwa wapi?" mume wangu alikuwa akiuliza.

"Kazini."

"Kazi gani?"

"Kazi, baba. Kazi ni kazi."

"Haya, nimeoa jasusi," angesema, akacheka, na mimi nisicheke.

Siku ya kumi na mbili wakaingia sehemu mbili kwa dakika ile ile, Alby na kwenye ile nyumba. Mwanamke akawekwa mahabusu, kwa masharti kwamba asizungumze na mtu yeyote ila wakili wake. Msichana akapelekwa mahali salama, akapewa wakili wa kumsimamia na muda wa kupumua kabla ya kuamua kama atasaidia polisi. Siku chache baadaye akasema yuko tayari.

Hapo ndipo ulipotokea ukuta. Kanuni ya mwendesha mashtaka ilikuwa kwamba anayesikiliza simu haketi na msichana. Msichana atoe habari zake kutoka kichwani mwake, na simu zitoe zake, halafu mbele ya mahakama viwekwe bega kwa bega. Habari zikivuja kutoka huku kwenda huko, vyote viwili vimeharibika. Kwa hiyo wakamtafuta mkalimani mwingine, mwanamume, mtu wa Kongo aliyekuwa akiishi Gothenburg, wakamweka kwenye spika ya simu.

Msichana hakusema neno. Siku mbili. Aliposikia sauti ya mwanamume, tena ya mtu wa kwao, alijikunja. Nani ajuaye mtu huyo anamjua nani? Mpelelezi akarudi mkutanoni amechoka, akasema hapana, hii haiendi, na mwanamke wa lugha hii mwenye kibali ni mmoja tu. Wote wakanigeukia. Mwendesha mashtaka akavuta kiti. Kisha akanitaka nikae, nikakaa, na akaniambia taratibu: utakuwa mdomo wake na mdomo wa mpelelezi, basi. Yaliyomo kwenye simu hayamo kichwani mwako. Unaweza?

"Naweza," nikasema. Nilikuwa nikimwonea huruma hata, mtu mzima kuuliza jambo rahisi hivyo.

Chumba cha mahojiano kilikuwa na viti vitatu, kisanduku cha karatasi za kupangusia machozi, na kamera ndogo juu ukutani. Msichana aliingia akiwa amevaa koti aliloazimwa, kubwa, mikono ya koti imefunika vidole. Aliponiona akasimama wima kama wanavyofundishwa watoto wa kwetu. "Jambo, mama," akasema. Sauti ile niliyoisikia kwa wiki sita, sasa ina uso. Nikajibu, "Jambo, mwanangu," na papo hapo nikajuta, maana neno hilo hilo la mwanangu ndilo alilokuwa akiitwa na yule mwingine.

Mpelelezi akauliza, mimi nikatafsiri. Jina la mji wako. Nani alikukatia tiketi. Msichana alijibu kwa neno moja moja. Walipofika kwenye ile nyumba akanyamaza. Mpelelezi akangoja, alikuwa hodari wa kungoja. Mimi miguu yangu chini ya meza haikutulia.

"Siwezi kusema, mama," msichana akaniambia mimi, si mpelelezi. "Mudogo yangu iko kwao. Nikisema, batamufanya mubaya." Kisha akalia. Hakulia kwa sauti. Machozi yalimwagika tu juu ya lile koti la watu.

Nikatafsiri maneno yake, nikaona mpelelezi anafungua mdomo kuuliza swali linalofuata, na sijui, walahi sijui. Kwetu mtu hawezi kulia mbele yako ukakaa kama gogo. Hata adui hupewa pole. Hata anayelia kwa kitunguu hupewa pole! Mkono wangu ukashika mkono wake na mdomo wangu ukasema, kwa Kiswahili, haraka haraka: "Pole. Pole sana, mwanangu. Mdogo wako hayuko kwao, yuko salama. Hawana mtu. Sema yote, usiogope."

Akaniangalia. "Ya kweli, mama?"

"Kweli."

"Mmesema nini?" mpelelezi akauliza.

"Nimempa pole," nikajibu kwa Kiswidi. Nilimfariji, nilisema. Mpelelezi akaitikia kwa kichwa, maana msichana alikuwa amejifuta uso na ameanza kusema. Alisema saa mbili na nusu bila kunyamaza. Majina, milango, magari, alama ya mkononi ya mtu mmoja, yote. Tulipotoka mpelelezi alinikumbatia kwenye korido, mtu asiyekumbatia watu.

Niliingia kituo cha treni cha Rådhuset nikiwa mwepesi. Wepesi ule ulidumu vituo vitatu, basi. Treni ilipokuwa ikipanda kuelekea Husby lile swali likaja lenyewe, kwa sauti ya sweta ya kijivu: umejuaje? Nikajibu, nilisikia kwenye simu. Ulisikia nini? Kwamba yule mwanamke hanaye. Na kwamba yuko salama, hilo ulilisikia wapi? Nikainuka nikaenda kusimama mlangoni. Wanasema alienda kwa shangazi. Wanasema nani? Mtoto wa miaka kumi na miwili ametoroka katika nchi yenye vita, na mimi nimemwambia dada yake yuko salama. Ala! Nilipitiliza kituo changu, nikarudi kwa miguu kwenye theluji chafu.

Jumamosi yake ilikuwa zamu ya nyumba yangu. Tulikuwa na ushirika wa kina mama, Wakongo, Wakenya, na Mrundi mmoja, tunazunguka nyumba kwa nyumba kila mwezi, chai na maandazi na maombi. Kiongozi wetu alikuwa mama mmoja wa Bukavu mwenye kifua kipana na sauti ya kufukuza pepo. Nilipika kuanzia alfajiri, vitu ambavyo hakuna aliyeviomba. Baada ya nyimbo akaomba tutaje mahitaji, na mwenzetu mmoja akasema kuna dada wa Alby, si wa ushirika wetu lakini ni mtu wa Mungu, mkarimu, aliyepokea wageni wengi nyumbani kwake, ameshikwa na polisi na hakuna anayeambiwa sababu. Nadhani ni mambo ya kodi, akasema. Wakasikitika. Wee, nchi hii!

"Tusimame," akasema mama wa Bukavu, na tukashikana mikono sebuleni kwangu, kati ya televisheni na maua yangu ya plastiki. "Baba, wafichue adui zake! Kila mdomo uliomsema vibaya, ufunge, Baba! Aliyemchimbia shimo atumbukie mwenyewe!"

"Amina," wakasema.

"Amina," nikasema na mimi. Ningesema nini? Ile karatasi ilikuwa na sahihi yangu. Nikatoka kwenda kuangalia chai. Nikarudi, nikatoka tena kuangalia sukari. Mara ya tano mama wa Bukavu akanifuata jikoni.

"Dada, una nini? Unakimbia kimbia kwako mwenyewe kama mgeni."

"Sina kitu, mama."

"Una kitu," akasema, akachukua andazi, akarudi kwa wenzake. Nikabaki nimeshika ukingo wa sinki. Nilikuwa nimeogopa, tuseme ukweli. Sikuogopa yale maombi. Niliogopa kwamba siku moja mtu anayejua Kiswahili atatazama mkanda wa ile kamera. Na niliogopa zaidi kwamba hatautazama mtu, na nitaishi na jambo hili kichwani hadi nife.

Jumatatu nilifika mapema kuliko wote. Mwendesha mashtaka alipoingia nikamwambia kabla hajavua koti. Sikukaa. Nikamwambia maneno yote, kwa Kiswahili kwanza kisha kwa Kiswidi, pamoja na lile la "kweli" la mwisho. Aliandika kila kitu. Alipomaliza aliuliza lile swali lake, lakini safari hii hakusema tumejuaje. Alisema, "Ulijuaje kwamba yuko salama?"

"Sikujua," nikasema.

Hakupiga kelele, na ningependa angepiga. Akamwita mpelelezi, wakafunga mlango wa kioo, nikawaona wakizungumza bila kuwasikia. Mpelelezi alikaa akashika kichwa. Walipotoka akanipita bila kuniangalia. Mwendesha mashtaka akaniambia yatakayofuata: mahojiano yale hayatatumika. Wakili wa mtuhumiwa ataarifiwa, maana ni wajibu wao kumpa hata yale yanayowaumiza wao wenyewe. Msichana atahojiwa upya, kupitia mkalimani mwanamume, akubali au asikubali. Na mimi nisiwasiliane na msichana kwa njia yoyote.

"Na kesi?" nikauliza.

Akautazama ubao: simu, safari, wateja. "Tutaona kama inasimama," akasema. Zile siku kumi na moja nilizomchukia kwazo ndizo zilizokuwa ubaoni pale. Nilirudisha kitambulisho changu cha mgeni mapokezi nikaenda Vällingby kuwavisha watu soksi.

Msichana alisema upya. Hilo nililijua baadaye. Mkalimani wa Gothenburg alipanda treni akaja mwenyewe, akakaa naye chumba kimoja, mzee wa makamo mwenye miwani, kumbe mpole kuliko mimi. Msichana alikubali kusema kwa sababu moja: alikuwa ameshaambiwa mdogo wake yuko salama. Aliamini. Na hapa ndipo ninapochoka hadi leo. Watu wale waliopanga kila kitu, waliojua saa ya kila ndege na rangi ya kila gari, jambo hili moja liliwaponyoka. Mpelelezi alidhani wakili wa msichana amemweleza kwamba maneno yangu hayana msingi. Wakili alidhani polisi wamemweleza. Kila mmoja alidhani mwenzake, na hakuna aliyemwambia. Mimi ndiye niliyekuwa na deni la kumwambia, na mimi ndiye niliyekatazwa.

Niliitwa mahakamani kama shahidi, majira ya machipuko, milango imefungwa kwa umma. Mtu niliyezoea kukaa pembeni na kusema maneno ya wengine, siku hiyo nikawekwa katikati nikasema yangu. Niliapa kwa Kiswidi. Kushoto nikamwona kwa mara ya kwanza mwanamke wa Alby: mnene kidogo, nywele zimesukwa vizuri, mkufu wa msalaba. Alinitazama kama unavyomtazama mtu aliyekukanyaga kwenye foleni. Kulia alikaa msichana, ameshamaliza kutoa ushahidi wake jana yake. Alikuwa amevaa koti linalomtosha. Aliponiona alitabasamu. Jamani, alitabasamu! Kando yake mzee wa Gothenburg alikuwa amemwinamia, akimtafsiria sikioni.

Wakili wa mtuhumiwa alikuwa kijana, nadhifu, na hakunionea. Aliniuliza kwa utaratibu.

"Ulimwambia kwamba mdogo wake yuko salama?"

"Ndiyo."

"Ulikuwa umesikiliza simu za mteja wangu?"

"Ndiyo."

"Katika simu hizo, kuna mahali ulisikia kwamba mtoto huyo yuko salama?"

 Nilisikia mnong'ono wa mzee wa Gothenburg ukimfikishia msichana swali lile, kisha ukakoma ukiningoja. Nilitamani kuinuka nitembee. Kiti cha shahidi hakiruhusu.

"Hapana," nikasema. "Nilisikia kwamba hawakuwa naye. Kwamba alitoroka. Kwamba watu wanasema alienda kwa shangazi."

"Kwa hiyo hukujua yuko wapi."

"Sikujua."

"Na leo, unajua?"

"Sijui."

Mnong'ono ukaanza upya, nikausikiliza, mimi ambaye kazi yangu ilikuwa hiyo. Mzee yule alitafsiri vizuri. Hakuongeza, hakupunguza, hakumpa pole. Niliona tabasamu la msichana linatoka usoni polepole. Hakulia. Aliuondoa mkono wake juu ya meza, akauficha ndani ya mkono wa koti.

Yule mwanamke alihukumiwa. Nilisoma uamuzi wiki chache baadaye, kurasa nyingi, na humo mahakama ilisema ya kwamba kosa la mkalimani limepunguza uzito wa maneno ya msichana, lakini simu na safari na wateja vinasimama vyenyewe na vinaelekea upande mmoja. Kesi ilisimama, kama yule mwenye sweta ya kijivu alivyotaka isimame. Kwenye ushirika hakuna aliyemtaja tena dada wa Alby, na mama wa Bukavu aliponiona siku moja sokoni alinishika mkono muda mrefu, kisha akaenda zake. Sijui alijua nini.

Lakini siku ile mahakamani, kabla ya hukumu yoyote, nilipotoka nilikuta benchi kwenye korido. Nikakaa. Baada ya muda mlango ukafunguliwa kwa mapumziko na msichana akatoka peke yake, wakili wake amesimama ndani akipanga makaratasi. Ushahidi wangu ulikuwa umekwisha, hakuna tena wa kunikataza. Alikuja akasimama mbele yangu. Nilingoja anitukane. Nilikuwa tayari kabisa kutukanwa.

"Mama," akasema, "basi mudogo yangu iko wapi?"

Pole ilikuwa tayari mdomoni. Na mwanangu ilikuwa nyuma yake, na Mungu yupo, na tutamtafuta, na yote yale tunayosema sisi. Nikayameza moja moja, na yalinikwaruza.

"Sijui," nikamwambia.

Alisimama kidogo. Kisha akakaa kwenye lile benchi, mwisho wa pili, na mimi nikabaki mwisho wangu, nimetulia tuli, hadi walipokuja kumwita.